Mugongo wa Ukoo

Mama wee,

Nakuandikia nikiwa nimelala, na kulala kwenyewe kunanishinda. Ndagala wametoka ziwani kwa wingi, harufu inaingia mpaka hapa kitandani. Wenzangu wanaanika kule kwenye muchanga na kucheka, mimi natazama mabati. Nageuka huku, nageuka kule. Na kesho tena hivi hivi! Dokta amekataza nisibebe kitu mpaka mufupa upone.

Njo hivyo, Mama: ni mugongo. Tulipomaliza matanga yako ulianza kuniuma, pale pale palipokuwa panakuuma wewe, na homa kidogo za jioni. Mama Mukubwa, dada yako, akaniletea kile kitenge chako cha kujifunga. "Ni mugongo wa ukoo wetu," akasema. "Funga ngumu, ubebe. Mama yako alifunga mpaka mwisho." Nikafunga. Nikabeba beseni la ndagala, meno nimeyauma.

Unakumbuka tulivyokusifu? "Mama ni chuma!" Hata Jumamosi ya salongo, mutaa wote ukitoka kusafisha barabara, wewe mbele na jembe lako, kiuno kimefungwa. Ukirudi nyumbani uliniita, "Njoo, mama, unifungue," kwa sababu fundo lilikuwa nyuma na mikono yako haikufika. Nikifungua, ulivuta pumzi ndefu, halafu ukacheka. Sisi tulidhani ni uchovu.

Hospitalini wamenipiga picha. Dokta akasema vijidudu vimeingia kwenye mufupa wa mugongo, vimeanza kuula, ila bado kidogo. Dawa itavimaliza, nikiimeza miezi yote aliyoniandikia na kutulia. Mama, si ukoo! Hata wako ulikuwa na dawa. Nilitoka pale nikilia kwa hasira, watu njiani wakadhani nimefiwa tena. Hawakukosea sana.

Jana Mama Mukubwa amekuja na beseni, eti dokta amenifundisha uvivu, ndagala hawangoji muntu. Nikanyanyuka, Mama. Miguu ilishafika chini, kitenge chako kiko mukononi. Ndipo nikakumbuka siku tulipokuweka kwenye sanduku: mugongo ulikataa kunyooka, wakakulaza ubavu, umejikunja kama mutoto. Nikarudi kitandani. Mama Mukubwa akaondoka amenuna.

Nakuahidi: nitameza dawa mpaka ya mwisho, hata ndagala wajae mpaka mulangoni. Kitenge nimekitandika hapa chini yangu, fundo sifungi tena. Pumzika, mama yangu. Mimi, siku yangu ikifika, watanilaza chali.

Mutoto wako,
Feza