Kibodi Inayolala Kuliko Rose

Ijumaa, Juni 1997. Huu ni mwaka wa thelathini na tatu tangu niondoke Unguja. Kambi Muru, kijiji chetu cha Kibera, imeamka kwenye ukungu, na ile baridi ya Juni inayopenya chini ya mabati ilinikuta nimeshavaa koti, nimekaa kitandani, natazama bisibisi zangu.

Nilikuwa na hofu. Naiandika ili nisijidanganye baadaye.

Leo ndiyo ilikuwa siku ya Rose.

Rose ni mpiga chapa katika ofisi ndogo ya Bwana Wekesa, kwenye kituo cha matatu cha Kawangware 56. Watu huja pale wakaeleza shida zao kwa mdomo, naye akazipiga moja kwa moja kwenye kompyuta: maombi ya kazi, malalamiko kwa mwenye ploti, tangazo la harambee. Mwezi wa Februari aliteleza kwenye ngazi yenye matope, akaumia kiuno, na tangu hapo hawezi kukaa kitini. Wekesa, ambaye wanatoka naye kijiji kimoja huko Magharibi, alimwekea kitanda mle mle ofisini, upande wa pili wa njia ya wateja. Skrini ikapandishwa juu ya kabati ili aione akiwa ameegemea mito. Kibodi ikakaa mapajani.

Waya ndio ulioleta balaa. Ulikatiza njia, na siku moja mteja aliyebeba mabati akajikwaa nao. Kibodi ikaruka, na Rose nusura aifuate. Basi Wekesa akanunua, kwenye mnada wa vifaa vya ofisi mjini, kibodi isiyo na waya, inayotuma herufi kwa mawimbi ya redio hadi kwenye kipokezi kilichochomekwa nyuma ya kompyuta. Kisha akaniita mimi, kwa sababu ujanani nilikuwa mpokeaji wa simu za maandishi, na miaka yote hii nimetengeneza redio Kibera. Majirani wananiita Mzee Waya.

"Mzee Waya," Rose aliniambia siku ya kwanza, "sasa wewe na hii kitu haina waya mtasikizana kweli?"

Hatukusikizana.

Kibodi ya kawaida hupata umeme wake kwenye kompyuta. Hii ina betri mbili ndogo, na ili zidumu, chipu yake hulala kila vidole vinapotulia. Ukibonyeza herufi inaamka, lakini kristali inayoongoza mawimbi yake huhitaji kutulia kwanza kabla ya kutuma chochote. Kwa mtu kama mimi, anayebonyeza kwa kidole kimoja, ucheleweshaji huo ni kama haupo. Kwa mpiga chapa hodari ni herufi tatu au nne, nazo zinapotea. Mteja akinyamaza kidogo kufikiri, halafu akaendelea, mwanzo wa sentensi yake unamezwa.

"Hii inalala kuliko mimi," Rose alisema. "Na mimi niko kwa kitanda."

Wateja walianza kucheka, kisha wakaanza kwenda kwingine. Wiki iliyopita Wekesa aliongea, macho yakiwa mlangoni. "Rose, mimi si mtu mbaya. Lakini Ijumaa nitakusomea mwenyewe. Ikikula maneno yangu, Jumatatu naita yule msichana mpiga chapa wa mtaa wa Soweto." Nani mwingine angemwajiri mpiga chapa asiyeweza kukaa?

Nilianza na kapasita, kile kijidude kinachoamua kibodi ingoje muda gani kabla ya kulala. Niliweka kubwa zaidi ili ibaki macho. Herufi ziliruka kwenye skrini kama kwa waya, lakini betri hazikumaliza wiki. Wekesa akauliza, "Hii ni kibodi ama ni tochi?" Nikaweka ndogo. Betri zikadumu, maneno yakamezwa tena. Kisha nikakihamisha kipokezi kutoka nyuma ya kompyuta, nikakifunga kwenye boriti juu ya kitanda, karibu na mikono ya Rose, ili nipunguze nguvu ya kutuma. Hilo lilisaidia betri. Usingizi ukabaki vile vile.

Sasa jambo ambalo sipendi kuliandika. Jumatano nilifunga mfuko wa vifaa nikaondoka bila kuaga, na njia nzima hadi Kibera nilijiambia kwamba nina chumba Unguja. Dada yangu Salma amekisafisha tangu Ramadhani, na hupiga simu kwenye ofisi ya Wekesa kuniuliza nitakuja lini. Nimegundua kwamba chumba kile hunijia akilini vizuri sana, pamoja na dirisha lake na kitasa cha shaba, kila kitu cha hapa kinaponishinda.

Jana nilirudi mikono mitupu. Nilimwomba Rose afanye kazi kwa kibodi ya zamani, waya umeviringishwa mbali na njia, nami nikakaa kwenye benchi la wateja na kumtazama.

Muda wote nilikuwa nikiitazama chipu. Mikono yake sikuwahi kuitazama.

Kabla ya kila sentensi, mteja akiwa bado anavuta pumzi, Rose hulaza kiganja cha kushoto kwenye ukingo wa kibodi. Kiganja kinatangulia, vidole vinafuata. Mteja akinyamaza, anakiinua na kukiweka juu ya blanketi. Hakosei. Nilipomuuliza, alitazama mkono wake kama wa mtu mwingine.

"Ni yule madam wetu wa chapa," alisema. "Ukianza na mkono hewani, unapigwa rula. Miaka yote hiyo, na bado naogopa rula."

Nilicheka hadi nikakohoa. Halafu nikakimbilia vifaa vyangu.

Nilikata vipande viwili virefu vya shaba nyembamba, nikaweka kati yake sponji ya godoro niliyoitoboa matundu, nikaufunika ukanda huo kwa plastiki ya kitambaa cha meza na kuubandika kwenye ukingo wa kibodi. Kiganja kikitua, shaba zinagusana na chipu inaamka. Herufi ya kwanza inapofika, kristali imeshatulia. Kiganja kikiinuka, chipu inalala papo hapo, bila kungoja kapasita yoyote. Ni ukanda mmoja, na umepunguza ucheleweshaji na ulaji wa betri kwa pamoja.

Leo asubuhi Wekesa alisimama mlangoni, mikono nyuma, akatoa sauti ya wakili.

"Kwa wapangaji wote wa ploti ya nyuma." Akanyamaza. Akamsalimia mtu aliyepita nje, akamuuliza habari za nyumbani, kisha akageuka ghafla. "Choo si mahali pa kufulia nguo!"

Kiganja cha Rose kilikuwa kimetua kabla Wekesa hajafungua mdomo. Sentensi yote ilikuwa kwenye skrini juu ya kabati, nzima.

Wekesa alijaribu tena. Alikohoa katikati ya neno, akajifanya amesahau, akaongea haraka kama mnadi. Mara moja tu kiganja kilitua upande na herufi ikapotea. Rose aliiona na kuirudisha bila mtu kumwambia. Wekesa alisoma skrini kwa muda mrefu, midomo ikichezacheza.

"Sawa," alisema. "Jumatatu uje kazi."

"Nije kutoka wapi, Wekesa? Si ni wewe ulileta kitanda hapa?"

Walicheka wote wawili. Mimi nilikuwa nimeinama, naupima ukanda. Ni mwembamba mno upande wa kidole gumba. Nitaupanua.

Mchana simu ililia. Wekesa akanipungia mkono. "Mzee, ni Unguja."

"Shikamoo kaka," Salma alisema. "Chumba kinakungoja. Njoo upumzike sasa."

Mwaka hadi mwaka nimekuwa nikimjibu kwamba nitakuja mwaka ujao, na kila mara niliamini ninachosema. Leo nilimwambia ampe chumba kile mjukuu wake anayetaka kuoa. Aliuliza kama naumwa. Nikamwambia mimi mzima, na nina kazi kesho.

Sitarudi Unguja.