Ganda la Fenesi

Neema mjukuu wangu, marahaba. Huku Akheri hatujambo, na ng'ombe wetu amezaa jike.

Unauliza mashine unayoibuni huko chuoni, ya kumenya fenesi na kutoa kiini, iache tunda kiasi gani kwenye ganda. Umenichanganya kweli. Nilipoolewa hapa nilikwangua ganda la fenesi mpaka likawa jeupe, vidole vimegandana kwa utomvu, nikingoja kusifiwa. Mama mkwe akaligeuzageuza, akaniuliza, "Sasa ng'ombe umemwachia nini?" Halafu akachukua mafuta, akanisafisha vidole kimoja kimoja.

Kwa hiyo sijui nikujibu nini. Mpaka leo sielewi siku ile alikuwa anamwonea huruma ng'ombe au mimi.

Ni mimi bibi yako.