Usinunue Debe, Shemeji

Geita,
Jumanne, 14 Agosti 1951

Kwa shemeji yangu Nkwabi, Ushirombo.

Nakusalimu kwa mikono miwili, na kama bado umelala, amka kwanza usalimiwe vizuri. Mimi nipo. Meno yamebaki manne na hakuna hata mawili yanayokutana. Magoti yako yanasemaje? Mama watoto hajambo? Na ile mashine yako ya kusaga, inasaga au bado inakohoa tu kama mwenyewe?

Barua yako ya kuniuliza vyombo vya kuwekea petroli ya mashine imefika. Umemwuliza mtu anayejua, ingawa nilisoma madarasa mawili tu kabla padri hajachoka na mimi. Debe usinunue, shemeji. Bati lake mama mkwe wako anaweza kulitoboa kwa ukucha. Ukilifunga kwenye baiskeli hapa Geita, ukifika kwako utashusha harufu. Watu wanaziba matundu kwa sabuni, njia ikiwa mbaya sabuni inabanduka, basi umeinywesha barabara.

Tafuta madumu ya jeshi, yale waliyorudi nayo askari wa Burma. Yana vishikio vitatu juu na kifuniko cha kubana. Chungulia ndani mchana wa jua. Ukiona kutu, liache. Lijaze maji ulilaze kwenye vumbi mpaka adhuhuri. Vumbi likibaki kavu, chukua. Ukitia petroli usijaze mpaka mdomoni, maana joto huivimbisha. Na ubavuni andika kwa rangi kilichomo, usitegemee neno la mtu.

Sasa kaa chini. Mwanao Gregory yu hai. Nimetanguliza hilo usije ukaanguka.

Selestine fundi bati unamkumbuka, yule aliyekaa na jiko lake la mkaa karibu na wauza dagaa. Jumamosi asubuhi, soko limejaa, alibana debe tupu kwa magoti, akatoa chuma motoni ili azibe tundu la kitakoni. Chuma kilipogusa tu, debe likapasuka kama bunduki ya tembo. Kipande cha bati kilimkata shingo, moto ukamshika ndevu na kifua. Alisimama, shemeji. Alitembea hatua tano akiwaka, akaangukia vikapu vya dagaa. Mkewe Apolonia alimtupia kanga yake, kisha mchanga kwa mikono mitupu, mpaka ngozi ya viganja vyake ikabaki kwenye kifua cha mumewe. Selestine alikufa akiwa bado anatoa moshi.

Watu walitaka mtu wa kumpiga. Gregory ndiye anayeuza madebe matupu pale sokoni, na Alhamisi walikuwa wamegombana. Selestine alimwita muuza machujio, akasema madebe yake hayafai hata kuwekea hasira. Gregory akamkwida shati, akamwambia iko siku ataungua na jiko lake mwenyewe. Unamjua mwanao, mdomo ni wa shangazi yake, marehemu mke wangu.

Basi walimwangukia. Mpini wa jembe ulimvunja mkono wa kulia mahali pawili. Alipoinama, wakampiga mawe ya mgongo. Mama mmoja ninayemheshimu alimng'ata sikio, limebaki likining'inia. Walikuwa wamekwisha kumwagia mafuta ya taa, wanatafuta kiberiti, ndipo polisi wakafika na kuwatawanya kwa virungu. Yuko mahabusu, bomani. Wanasema alimwuzia marehemu debe la petroli kwa makusudi. Bwana Shauri wa boma atasikiliza kesi Jumatatu ijayo, na watu wanataja kamba bila kuona haya.

Shemeji, debe lile lilikuwa langu.

Pale machimboni ninapofagia stoo kuna lori la Mzungu. Nilikuwa nikilinyonya petroli kwa mpira, kidogo kidogo, na hiyo ndiyo niliyotaka kukuletea wewe uniite shujaa. Debe likavuja, nikalimwaga, nikalipeleka kwa Selestine siku ya Ijumaa. Pua yake ilikufa zamani kwa ugoro, kwa hiyo alikuwa akimwuliza kila mteja debe lake lilibeba nini. La petroli alikuwa akilijaza maji na majivu, akililaza siku mbili kabla ya kuligusa kwa moto. La mafuta ya taa alikuwa akilikung'uta tu. Akaniuliza. Mpishi wa Mzungu alikuwa amesimama hapo hapo akichagua dagaa. Nikasema mafuta ya taa. Selestine akacheka, akasema mzee Jilala unaongopa hata ukisalimiwa, nipe la kweli leo. Nikaapa kwa kaburi la dada yako.

Na moto ulipowaka, sauti ya kwanza kutaja jina la Gregory ilikuwa yangu. Nilidhani watamfokea. Nilisimama pale nikiona mkono wake unavunjwa.

Nimekwenda bomani mara mbili. Mara ya kwanza nilimchekesha karani, nikarudi. Mara ya pili nilimwambia nimekuja kuuliza habari za kodi. Kinywa hiki kina miaka sabini ya kukwepa, lakini mkono sikuuzoesha, ndiyo maana nakuandikia. Dereva wa lori la pamba atakupa barua hii kesho kutwa. Ukitaka kuja na mkuki, haki yako, ila barua isisahauliwe. Mkabidhi Bwana Shauri mwenyewe, isomwe kwa sauti mbele ya watu. Nitakuwepo. Nikianza kukanusha, nikatia na mzaha watu wakacheka, mwambie msomaji aendelee.

Nisalimie nyumba nzima, na Philomena mama Gregory umwambie polepole. Mimi, shemeji yako kama bado unaniita hivyo,

Jilala

Nimebandika na dole gumba, nisije nikasema mwandiko si wangu.