Wazee Hawakuukataza Mkono

Mama yangu mpendwa,

Sikuulizi hali, maana huko uliko hakuna malaria wala vizuizi vya barabarani. Acha nikupe hali yangu mimi: nina hasira. Ninayo tangu jana Jumapili, na wewe ndiye uliyenifundisha kwamba hasira isiyo na kazi huunguza mboga, kwa hiyo nimeipa kazi. Ninakuandikia. Barua hii siifungi. Nitaibandika ukutani darasani, asome anayeweza, na asiyeweza ajue anapitwa na mambo.

Jumapili baada ya ibada walikuja wazee wa ukoo, mdogo wako Mjomba Wani akiwa mbele. Walikunywa chai mpaka birika likakauka, ndipo wakasema kilichowaleta. Kwamba arobaini yako imepita. Kwamba darasa la wazee lilikuwa jambo lako, na sasa wewe haupo, basi lifungwe. "Na vita hii, mtu mzima anasoma ya nini?" akauliza Mjomba. Halafu akashusha sauti, akasema kuna jambo la aibu ambalo wewe na mume wangu mlilifanya, na wengine wasije wakaliiga.

Nitalisema hapa hapa, kwa sababu sioni tena aibu yake ilipo.

Lakini kwanza nikiri. Kabla ya Mjomba na wazee wake, mtu wa kwanza kukupinga nilikuwa mimi. Unakumbuka siku ile ulipoingia uani kwetu Gurei na kiti cha plastiki kichwani? Nilikuuliza unatoka wapi, ukasema shule. Nilidhani umekwenda kuwafuata wajukuu. Ulishusha kiti, ukakikalia palepale, ukasugua goti lako bovu na kusema, "Mimi iko nasoma sasa. Jumatatu na Alhamisi." Nilicheka. Nikakwambia samaki hukunjwa angali mbichi. Ukanitazama mpaka kicheko kikaniisha.

"Mimi si samaki, Keji."

Kisha ukanitajia kadi. Kule kambini Adjumani, tulipokuwa wakimbizi, mtu wa kuandikisha alichanganya mistari, na kwenye kadi yako ya mgao likakaa jina la mwanamke mwingine. Wewe, Jokudu, uliandikwa Akello. Kila walipoita Akello ulinyoosha mkono, ukidhani ndivyo watu wa Uganda wanavyotamka jina lako. Miaka yote hiyo. Mimi nilikuwa darasa la tano, nilijua kusoma, niliiona kadi ile kila mwezi na kunyamaza, kwa kuogopa kwamba tukisema tutanyimwa chakula. Jirani ndiye aliyekwambia, siku tunafunga mizigo kurudi Juba. Hukunigombeza. Kwa miaka ukakaa nalo moyoni, na siku ya kiti ndipo ulipolitoa: "Ulikuwa na macho, mwanangu, na hukuniazima." Hakuna fimbo uliyowahi kunichapa ikauma hivyo.

Basi ukaenda shule, katika ukumbi wa mabati wa kanisa, na wenzako Wabari, Wakuku, Waacholi na Wamadi. Mlisoma kwa Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha mliyorudi nayo wote kutoka uhamishoni. Mwalimu wenu alikuwa mstaafu mpole. Vita viliporudi mjini, aliichukua familia yake akavuka tena kwenda Uganda, na ubao ukabaki na somo la mwisho bila kufutwa.

Katika mtaa wetu mzima, mtu aliyebaki aliyewahi kushika chaki kwa kazi alikuwa mmoja: Taban, mume wangu. Shule yake ilikuwa imefungwa, watoto wametawanyika. Na Taban ni mkwe wako.

Wengine watakaosoma hapa ukutani si watu wa kwetu, nao waelewe. Kwetu mwanamume na mama mkwe wake hawatazamani usoni, hawasemeshani, hawali pamoja. Si ugomvi, ni heshima. Miaka kumi na saba ya ndoa yangu, Taban akisikia kikohozi chako njiani aliingia majanini. Wewe ulimpikia, ukafunika bakuli, ukanipa mimi nipeleke. Mlipendana kwa namna hiyo, kila mmoja upande wake wa ukuta. Sasa mtu huyo asimame mbele yako akwambie fungua daftari?

Wazee walikuita wakakwambia uchague, mkwe au shule. Ulijibu kwa kifupi chako: "Kalas, basi. Mimi nachukua yote mbili."

Ukatandua milaya kitandani kwako, lile shuka ulilolitarizi kwa mkono wako maua mekundu, ukalitundika kwenye waya katikati ya ukumbi. Wewe nyuma yake, Taban mbele. Siku ya kwanza ilikuwa kichekesho, kwa sababu katika akili zenu zote hakuna aliyekumbuka kwamba ubao uko upande wa Taban. Saa nzima ulisomea maua. Rafiki yako Mama Poni alicheka mpaka akatoka nje.

Mkarekebisha. Taban akawa anaandika ubaoni, kisha anatoka kwenda kusimama nyuma ya ukumbi, uso kwenye mahindi. Wewe unatoka nyuma ya milaya, unanakili, unarudi. Mama Poni anagonga sahani, Taban anaingia, anafuta, anaandika tena. Somo la saa moja lilikula saa tatu. Juu yenu ndege zilikuwa zikipita zimewabeba walioweza kuondoka, na chini mume wangu anaingia na kutoka, anaingia na kutoka, chaki mkononi. Jioni niliwaambia nyote wawili kwamba mnanitia aibu, kwamba mtaa mzima unatusema. Nikakuomba uende Uganda kwa wadogo zangu mpaka mji utulie.

"Nimekimbia mara mbili," ulisema, "na barabarani vibao vilikuwa vingi, mimi napita kama mbuzi. Mara ya tatu nitakimbia nikijua kibao inasema nini."

Kila mwisho wa mwezi mlikuwa na matembezi, mliyoyaita kusoma mji. Pale sokoni Custom ulisimama mbele ya magunia ya Mganda mmoja kwa muda mrefu hadi akaanza kuwa na wasiwasi.

"Mama, unataka kununua nini?"

"Hapana nunua. Nasoma."

"Soma tu, mama. Kusoma ni bure," akasema, akasogeza baiskeli yake ili uone vizuri na maandishi ya nyuma ya gunia.

Lakini safari ninayoililia ni ile ya uwanja wa ndege. Nilikuja pia, nimenuna, eti kuhakikisha hampotei. Ilikuwa zile wiki ambazo kila mwenye ndugu Nairobi au Entebbe alikuwa pale na mabegi, watoto wanalia, watu wanaitana. Katikati ya vurugu hiyo mkatokea wazee kumi na wawili mmevaa nguo za kanisani, daftari kwapani. Taban alitangulia, wewe hatua ishirini nyuma, macho chini. Askari wa mlangoni akakusimamisha.

"Ya haboba, bibi yangu, unasafiri wapi?"

"Hapana safiri, mwanangu. Sisi iko shule."

"Shule hapa? Leo?"

"Leo. Wewe simama kidogo kando, unaziba."

Akasogea! Kijana wa watu, bunduki begani, akasogea, kwa sababu bibi wa shule alikuwa anasoma. Ulifuata kidole chako hewani, herufi kwa herufi, kwenye kibao cha safari, mpaka ukafika mwisho. "Entebbe," ukasema. Ukasema tena kwa sauti zaidi. "Mimi nilikwenda Uganda kwa mguu na mtoto mgongoni. Kumbe jina yake inakaa hivi." Mwanamke mmoja aliyekuwa akilia juu ya begi lake akaacha kulia, akacheka nawe. Mimi nilijifanya naangalia ndege.

Ndipo mlango ukafunguliwa na watu wakasukumana. Wimbi likakubeba wewe huku, likamrudisha Taban kule, na mkajikuta pua kwa pua. Mungu wangu! Taban alifumba macho. Wewe ukavuta lawa yako, ile nguo ya kujitanda begani, mpaka kichwani. Mkabaki mmesimama hivyo, mmoja kipofu na mwingine amefunikwa, mabegi yanawagonga, hakuna anayeona pa kukimbilia. Mama Poni ilibidi awashike mikono awatenganishe kama majogoo.

Nilidhani mambo yameishia hapo, utarudisha milaya kitandani na kuacha. Siku mbili baadaye ulinipa bakuli la asida, ugali wetu, nimpelekee, limefunikwa kama siku zote. Juu ya kifuniko kulikuwa na karatasi iliyokunjwa. Aliifungua mbele yangu. Herufi kubwa kama maharage, za penseli, zimepinda:

TABAN. NIMEKUONA. UMEKONDA. KULA.

Alikwenda nyuma ya nyumba na hakurudi haraka. Tangu shule yake ifungwe alikuwa akiniambia ameshakula kwa rafiki, ili mimi na watoto tupate kushiba. Mimi ninayelala naye sikuona. Wewe ulimtazama mara moja tu katika maisha yako, muda wa kufumba macho, ukaona. Hayo ndiyo maneno ya kwanza uliyowahi kumwambia mume wangu.

Habari ikamfikia Mjomba kabla bakuli halijaoshwa. Alikuja na wenzake wawili. Kwamba umesema na mkwe wako! Ulikuwa unachambua mboga, wala hukuinua kichwa.

"Mimi hapana sema. Mdomo yangu imefunga."

"Umemwandikia!"

"Macho, wazee walikataza. Mdomo, walikataza. Mkono, wazee hawakusema kitu."

Waliotuachia mila hawakuweka neno juu ya mama mkwe anayeandika, maana hakuwahi kuzaliwa. Ulikuwa wa kwanza. Mimi, niliyekuwa nimesimama mlangoni nimejiandaa kukuombea msamaha, niliingia ndani nikaziba mdomo kwa kanga nisicheke.

Toka siku ile karatasi zilikwenda na kurudi na bakuli. Ulimuuliza habari za mama yake. Alikuuliza dawa ya kikohozi. Mlibishana juu ya mtihani, ukamwambia ni mgumu makusudi. Nadhani mlizungumza kuliko mimi nilivyozungumza na yeyote kati yenu, na sikuona wivu, au niliona kidogo tu. Milaya haikushuka. Hamkuvunja kitu, Mama. Mliongeza dirisha tu.

Kisha zikaja mvua, na malaria, na siku tatu zikatosha. Nakukosa vibaya. Nakukosa asubuhi ninapochemsha maji na hakuna anayesoma kwa sauti maandishi ya pakiti ya majani ya chai, kila siku, kana kwamba yamebadilika tangu jana.

Narudi kwenye habari ya Jumapili. Mjomba alipomaliza, nilimwambia darasa halifungwi. Nilimwambia hivyo nikiwa nimesimama, na birika mkononi, na sauti yangu ilisikika kwa jirani. Nikasema kama vita vinataka wazee wakae chini wasubiri kufa, basi wazee wa Gurei wana kazi Jumatatu na Alhamisi, vije Ijumaa. Nikasema mimi nitafundisha upande wa nyuma ya milaya, maana kuna akina mama wengine wawili ambao kwa ukoo wanamwita Taban mkwe, na Taban abaki mbele. Mjomba akasema mwanamke hawezi kuwafundisha wakubwa wake. Hapo Taban, ambaye hajawahi kumpinga mzee, alinyanyuka, akaleta karatasi yako ya mwisho, ile uliyoandika ukiwa na homa, akamkabidhi kwa mikono miwili.

Mjomba aliigeuza, akaichungulia, akanipa mimi. "Inasema nini?"

Nilifungua kinywa nimsomee. Tayari nilikuwa nimeanza kuchagua maneno ya kulainisha, haya nimwambie, haya niyaruke. Nikaona ninachokifanya. Nikafunga kinywa.

"Sikusomei, Mjomba. Mama alitegemea macho yangu, na nilimwambia nilichotaka mimi. Jina lako limo humo, hilo tu ndilo nitakalokwambia. Njoo Jumatatu."

Aliondoka bila kuaga. Wenzake walimfuata, mmoja akageuka na kuuliza kwa sauti ya chini darasa linaanza saa ngapi. Na wewe usiniulize kama nitayaandika maneno yale hapa ukutani. Siyaandiki, asije akapata mtu wa kumsomea.

Leo ni Jumatatu. Nimekuandikia tangu alfajiri, na sasa nimalizie, kwa sababu watu wamefika. Mjomba Wani amekuja na kiti chake. Amesema amekuja tu kuangalia kama tunafanya upuuzi. Amekaa karibu kabisa na ubao, na Taban amempa chaki bila maneno mengi. Wameanza na herufi ya kwanza ya jina lake. Ameivunja chaki mara mbili, amenigombeza mimi kwa sababu hiyo, ameifuta, ameiandika tena, na hajauliza saa ya kwenda nyumbani.

Lala salama, Mama. Nakwenda kufundisha.

Ni mimi binti yako,
Keji, mke wa mkwe wako
Gurei, Juba