Wino kwenye kidole cha Lami

Jummai, uko? Nina hasira!

Wachanjaji wa polio wamefika kwa kaka. Wifi Talatu akawaonyesha kidole cha mwanawe Lami, kina wino kama wanaopakwa waliochanjwa. "Huyu keshapata matone."

Keshapata wapi! Nikakisugua kwa mate, wino wote ukatoka. Kalamu ya shule, Jummai! Kampaka mwenyewe!

Wifi akawageukia wachanjaji, "Niandikieni kwanza kwamba hatapata hata homa."

Nikamwambia, "Wifi, ile mizizi unayomnywesha kila asubuhi, nani alikuandikia?"

Akanirukia, "Hajiya mdomo, bibi wa maneno mengi, mtoto hukumzaa wewe!"

Nyumba ya pili mtoto kapooza mguu kwa polio, na wifi anamwona kila siku!

Kaka akatoka ndani, akampakata Lami mwenyewe, mtoto akapewa matone.

Sasa kaka huyohuyo ananituma nikamwombe wifi radhi, eti nimemwaibisha mbele ya majirani.

Siombi.