Bwawa Lako Bado Safi

Kotile

Walaal Mowlid,

Assalamu aleikum. Naandika kwa sababu simu zetu huzishiki.

Binti yangu Ikran ameanza shule. Mvua bado. Bwawa lako halijambo kabisa. Uzio uliotujengea ulisimama imara, mavi ya ng'ombe hayakuingia majini yakaoza na kutoa ile gesi yako inayopasha dunia joto. Wafadhili wa mradi wako watafurahi.

Iliyokufa ni pampu ya kupeleka maji kwenye birika la kunyweshea ng'ombe nje ya uzio. Tulikwambia mara ya mwisho uliposhika simu, ukasema tungoje fundi. Ng'ombe wakawa wanalala pua zikigusa waya, wakiyatazama maji. Vijana walikuja na koleo waukate. Baba akasimama mbele yao: "Hii ni kazi ya mtoto yangu. Hakuna mtu atagusa." Akaanza kuwachotea ng'ombe mwenyewe kwa madebe, kwenye jua lile, na umri ule, mpaka akaanguka langoni.

Tulimwosha kwa maji ya bwawa lako. Yalikuwa safi, kama ulivyoahidi.

Waya tuliukata tulipotoka makaburini. Ng'ombe waliobaki wanakunywa humo na kunya humo humo. Sasa njoo upime gesi.

Dada yako,
Rukiyo