Sauti ya Afande Mlangoni

Jumatano, Ramadhani, Namatala

Uji nimepika mwingi tena. Mkono wangu bado unapimia nyumba iliyojaa watu.

Mwadhini alikimbilia Kenya wakati wa vita, na msikiti wetu hapa Mbale umenyamaza. Redio iliporwa. Dirisha nimelipigilia mabati, kwa hiyo magharibi ikiingia mimi sijui. Leo nilikaa gizani na tende mkononi, naogopa kufuturu mapema, na kutoka kuchungulia jua naogopa zaidi.

Mara mlango ukagongwa. Nikaganda. Mume wangu alichukuliwa na wenye magwanda hivyo hivyo, kwa hodi ya jioni.

"Mama Zaituni, ni mimi, afande wa jela, jirani yako. Jua imeshazama. Kula sasa."

Yule Mkristo wa kaskazini! Tangu ahamie hapa nampita bila salamu, kwa sababu ya gwanda lake tu. Nilikula tende huku nalia. Nilipopata nguvu ya kutoa komeo, alikuwa ameshakwenda zamu.

Kabla ya vita niliwafundisha wasichana madrasani aya ya jirani wa karibu na jirani aliye mgeni, kwamba wote wana haki juu yetu. Siku zote nilijiona mimi ndiye wa kutoa. Haikunijia hata siku moja kwamba mimi ndiye ningekuwa...

Bakuli nililomtilia afande nimelifunika. Uji umepoa.

Kesho, Mungu akipenda, nitatoa komeo kabla jua halijazama, nikae mlango wazi.